Seva ya nyumbani: ununue ipi?

Kwa seva (kompyuta inayokaa imewashwa muda wote) ya kutunzia picha za familia na filamu za watoto, usidanganywe na seva kubwa za ofisini zinazouzwa kwa bei ya kutupa Kariakoo. Mashine inayokula wati 100 usiku na mchana inamaliza uniti 72 kwa mwezi. Mteja wa TANESCO wa kundi la D1, yaani la matumizi madogo ya nyumbani, anatakiwa asizidi 75, pasi na friji vikiwemo.

Ya kwanza kwangu ni kompyuta ndogo za mtumba: Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini au Dell OptiPlex Micro. Tafuta yenye prosesa ya Intel kizazi cha 8, kama i5-8500T, RAM ya GB 16 na SSD (diski ya kasi isiyozunguka). Ikitulia hula wati kumi hivi, na chipu yake ya video inatosha kubadilisha video kwa ajili ya Jellyfin (programu ya kutazamia filamu zako) huku Immich (programu ya kutunzia picha) ikipokea picha za simu zote za nyumbani. Kabla ya kulipa, iwashwe mbele yako na uingie BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila, iache. Ukiambiwa "fundi anaitoa hiyo", basi waitoe kwanza ndipo urudi. Humo humo kwenye BIOS washa mpangilio wa kompyuta kujiwasha umeme unaporudi, la sivyo kila umeme ukikatika utapigiwa simu kazini. Adapta nayo iwe ya mashine hiyo, si ya kuokoteza.

Ya pili ni laptopu ya zamani iliyolala kabatini. Ni bure, na betri yake inaivusha umeme ukikatika kidogo. Betri ikiwa imevimba, itoe kabisa.

Raspberry Pi 5, kompyuta ya bodi moja ndogo, naiweka ya tatu. Bodi yenyewe ni nafuu, ila ongeza adapta ya wati 27, kasha, feni na SSD (kadi ya SD haitadumu), uone kama hujafikia bei ya ile ya kwanza. Na kubadilisha video ili ichezeke kwenye kila kifaa kunaielemea.

Synology ya diski mbili, kasha la kuhifadhia data lililo tayari kutumika, ni ya mwisho kwa sababu ya bei tu: kasha huuzwa tupu, diski juu yako. Asiyetaka kabisa kugusa amri za Linux aipandishe hadi juu.

Yoyote utakayochukua, bakiza hela ya diski ya nje. Diski mbili zinazonakiliana hazikusaidii mtu akifuta picha za harusi, maana zinafutika kote kuwili. Hiyo ya nje ichomoe baada ya kunakili, ikae kwa ndugu mtaa mwingine.