Vitabu vya kutisha kwa usiku wa upepo Dodoma: kipi ununue kwanza

Riwaya ya kwanza ya kutisha niliyoinunua hapa Dodoma iliniishia ukurasa wa 96. Nimejifunika blanketi mbili, upepo unapiga mabati, na mtu wa kwenye hadithi ameshika kitasa cha chumba alichokatazwa kuingia. Nikafunua. Ukurasa wa 113, watu wako msibani. Nani kafa? Mlangoni kulikuwa na nini? Mpaka leo sijui. Vitabu vingi hufungwa kwa mafungu ya kurasa 16, na changu kilikuwa kimedondosha fungu zima. Kijana aliyeniuzia, vitabu vyake kavitandaza chini kwenye turubai, alikuwa ameniapia: "Kaka, hiki kinatisha hatari." Hakusema uongo.

Basi kabla ya kutoa hela kwa kitabu cha mtumba, pitisha kidole gumba kwenye namba za kurasa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni kazi ya dakika moja. Tazama pia upande wa mshono: ukiona herufi zimemezwa na maandishi yana kijivu cha moshi, hiyo ni fotokopi iliyovalishwa jalada. Na kama mtaani kwenu umeme una tabia zake, fungua katikati uone ukubwa wa herufi, maana utakisoma kwa tochi ya simu.

Sasa msimu. Wenzetu wa Ulaya na Marekani husoma vitabu vya namna hii Oktoba, majani yakipukutika na giza likiingia mapema, mpaka tarehe 31 wanapovaa vinyago vya Halloween. Shuleni tulifundishwa kuyaita majira hayo vuli. Lakini vuli ni mvua, na sisi wa Dodoma hata hiyo vuli hatuna. Mvua yetu ni ya mkupuo mmoja, Desemba hivi mpaka Aprili. Oktoba hapa ni jua na vumbi, na sijaona mtu anayeogopa mzimu huku anatokwa jasho. Majira yetu ya kuogopa ni kipupwe, Juni hadi Agosti, upepo unapovuma usiku kucha na bati lililolegea kwa jirani linagonga kama mtu anayebisha hodi. Wala si kujipendelea. *Frankenstein* yenyewe, ile riwaya maarufu ya kutisha ya Kiingereza, ilianza kubuniwa Juni 1816, mwandishi wake Mary Shelley akiwa na miaka 18, kando ya ziwa la Geneva. Mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka mwaka 1815, ukachafua anga hadi Ulaya ikakosa joto lake la mwaka uliofuata, na Mary na wenzake wakafungiwa ndani na mvua na baridi wakishindana kutunga hadithi za kutisha.

Nimevipanga vitabu hivi kwa kipimo kimoja tu: je, hofu iliyomo inaijua nyumba yangu? Ngome yenye popo sijawahi kuiona. Mzee anayekuita chumbani kwake usiku akwambie jambo, huyo namjua.

Ndiyo maana cha kwanza kwangu ni *Mirathi ya Hatari* cha C. G. Mung'ong'o, kilichotoka mwaka 1977. Kijana msomi anarithishwa uchawi na baba yake. Hakuna jitu linalotoka kaburini. Kinachotisha ni kwamba kijana ana elimu, ana maisha yake mbele, na bado urithi unamfikia, kwa sababu urithi hauulizi umesoma mpaka darasa la ngapi. Mji huu umejaa watu wa aina hiyo: waliohamishiwa kikazi, wanafunzi wa chuo kikuu cha hapa, UDOM, wote wana kwao mbali na wote wana simu wanayoiogopa, ile inayosema "njoo nyumbani, mzee anakuulizia." Nikiwa katikati ya kitabu, saa nne usiku, simu ya kutoka kwetu ikaita. Sikuipokea. Asubuhi nikapiga: ilikuwa habari ya mbuzi.

Ubaya wake ni kupatikana. Usitegemee kukikuta dukani katikati ya madaftari ya hesabu. Mwachie muuza vitabu vya zamani jina la kitabu kwenye karatasi, au umtume mtu Dar akutafutie akutumie kwa basi. Hiki ndicho pekee kwenye orodha ambacho ningekilipia zaidi ya bei ya kawaida, hata kama jalada limeshikiliwa na selotepu.

Cha pili ni *Babu Alipofufuka* cha Said Ahmed Mohamed, 2001. Mkubwa mmoja aitwaye K, mtu wa cheo na starehe, anatokewa na babu yake aliyekwisha kufa, na babu hakuja kusalimia. Anamtembeza ayaone ambayo K hataki kuyaona. Kuna watakaosema hii ni riwaya ya siasa. Ni kweli, na ndiyo inavyozidi kutisha, hasa ukiisoma katika mji ambao kila asubuhi magari yanaelekea Mtumba, kwenye ofisi za wizara. Mimi nilikisoma kwenye treni ya SGR nikitoka Dar. Tulipoingia kwenye mahandaki ya Kilosa, dirisha likageuka kioo, nikaona uso wangu na wa mzee aliyekaa nyuma yangu, ananitazama. Nikafunga kitabu mpaka mwanga uliporudi. Lugha yake si ya kukimbia nayo. Kama unataka kitu cha kumaliza usiku mmoja, hiki siyo.

Kama nyumbani kuna watoto, pandisha *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, 1952, juu ya vyote. Kuna majini, kuna ndugu wenye husuda waliogeuzwa manyani, na kuna lile jambo ambalo mtoto halisahau: Adili, mtu mwema kupita wote, kila usiku lazima awachape mijeledi manyani wale ambao ni ndugu zake mwenyewe, apende asipende. Mpwa wangu wa miaka tisa aliniuliza, "Mjomba, kwani wanajua kwamba yeye ni kaka yao?" Nikamwambia alale. Ni chembamba, hakina gharama kubwa, na ni rahisi kukipata kuliko vile viwili vya juu.

Chini yake naweka vya Muhammed Said Abdulla, kwa tahadhari. *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) na *Kisima cha Giningi* (1968) vina majina ya kumtoa mtu mbio. Giningi kwenye masimulizi ya Zanzibar ndiko wanakokutania wachawi. Lakini ukivifungua unamkuta Bwana Msa na kiko chake, anachambua mauaji kwa akili baridi kabisa. Mzimu unakuwa mahali pa tukio tu. Nunua ukipenda upelelezi na Kiswahili kitamu, ila ukivinunua ili uogope, utajiona umeuziwa jalada.

*Nagona* cha Kezilahabi (1990) sijui nikiweke wapi. Ni kijitabu tu, unaingia kama mtu aliyeingia ndotoni na hakuna anayekueleza uko wapi. Mwenye subira atakiona kinatisha kuliko vyote. Nilimwazima rafiki, akakirudisha kesho yake akasema, "Ndugu yangu, hiki kitabu kinaumwa."

Vya kigeni, *Frankenstein* (1818) na *Dracula* (1897), usivitolee hela kama unasoma Kiingereza na una simu. Hakimiliki zake zimekwisha zamani, na Project Gutenberg wanavitoa bure kwenye intaneti. Anayetaka wachawi wa Ulaya kwa Kiswahili atafute *Makbeth*, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968. Wale wachawi watatu wa kike na sufuria lao hunoga ukisoma kwa sauti, watu wakiwa wamezunguka jiko la mkaa.

Mkiani kabisa ni simulizi za majini zinazouzwa vipande vipande kwenye makundi ya WhatsApp. Sehemu kumi za mwanzo bure, kisha "tuma hela upate zinazoendelea." Ukijumlisha mwisho wake, kitabu kizima kingekuwa nafuu, na kingekaa kabatini. Najua kwa sababu nililipa mpaka sehemu ya 63: bibi harusi kavua viatu, bwana harusi kaona kwato. Msimulizi akaandika kwamba amepata udhuru, atarudi usiku. Hajarudi mpaka leo, na kundini hajatoka mtu hata mmoja, mimi nikiwemo.