Miezi minane na sola mpya: paneli sawa, betri safi, inveta ina deni langu

Kila nikisema nimefunga sola mpya naulizwa: mbona hukusubiri? Si kuna paneli kali zaidi zinakuja? Zinakuja, kweli. Ila mimi ni fundi cherehani, nguo nyingi nazimalizia usiku, na usiku paneli yoyote ni kioo tu juu ya bati.

Seti yangu ni paneli moja ya wati 400, betri ya lithiamu aina ya fosfeti ya chuma, volti 12.8 na saa-ampea 100, pamoja na inveta ya wati 1,000, lile boksi linalogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Inaendesha cherehani, taa nne, feni na simu za watu wote wa nyumbani.

Paneli haina maneno mengi. Wati 400 zilizoandikwa mgongoni zilipimwa maabara, seli zikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya paa mchana seli huvuka nyuzi 60, na kila nyuzi inayozidi zile 25 hula kama asilimia 0.35 ya nguvu. Mimi nilipima 330 na ushei. Muuzaji hakunidanganya, ila hakuniambia.

Betri ndiyo iliyoninyoosha. Zamani nilikuwa na betri ya asidi. Ukiitumia zaidi ya nusu unaiua, na kwa kuangalia volti tu nilijua imebaki kiasi gani. Hii ya lithiamu naitumia karibu yote, na ni nyepesi hata naibeba mwenyewe. Lakini volti zake hazisemi kitu. Zinakaa 13.2 hivi, zimekaa tu, kisha ghafla zinaporomoka. Wiki ya kwanza nilikuwa napiga pindo la gauni la bibi harusi, mita inanionyesha mambo mazuri, mara giza! Sindano ikabaki ndani ya kitambaa. Nunueni na kipimo kinachohesabu umeme unaoingia na unaotoka. Cha volti ni mapambo.

Sasa inveta. Hata usipochomeka kitu, inajilia wati 20. Kwa saa 12 za usiku ni wati-saa 240, na betri nzima ina 1,280. Karibu moja ya tano inaliwa na boksi linalonguruma bure! Siku hizi taa na simu zinatumia umeme wa betri moja kwa moja, inveta naiwasha nikikaa kwenye cherehani tu.

Turudi kwa hizo paneli zinazosubiriwa. Seli ya silikoni (ndiyo malighafi ya paneli zetu hizi) ya Bell Labs, maabara ya Marekani, mwaka 1954 iligeuza kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme; paneli nzuri ya sasa hufika 22 hivi. Zinazokuja zinapaka tabaka la perovskaiti, aina ya fuwele inayonasa mwanga, juu ya silikoni, la juu linakamata mwanga wa bluu, la chini linachukua mwekundu, na maabara wameshavuka asilimia 33. Shida, perovskaiti haipatani na unyevu wala joto, na silikoni kawaida inauzwa na dhamana ya miaka 25. Sitaki kuwa wa kwanza kuijaribu juu ya paa langu.

Halafu hata ingekuwa imara, ningeipeleka wapi? Siku ya jua betri yangu imejaa saa saba mchana. Kuanzia hapo mpaka magharibi paneli inatazama jua tu, umeme hauna pa kuingia. Ninachokipigia hesabu ni betri ya pili, na nazichungulia zile za sodiamu zilizoanza kuuzwa. Ni nzito kuliko lithiamu kwa umeme uleule, lakini betri ya nyumbani inakwenda wapi? Itakaa chini ya meza ya kukatia.

Paneli nyota nne, betri tano. Inveta mbili, na moja kati ya hizo ni kwa sababu cherehani haijawahi kuishinda.