Nililipia kuchonga hedi, hedi haikuchongwa

Sitaki mtu aniambie kwamba gari ni la zamani. Nimeambiwa hivyo na fundi aliyekula hela yangu, wateja wake waliokaa kwenye benchi wakadakia, na nilipofika nyumbani shemeji naye akarudia. Najua ni la zamani. Ni Toyota Hiace ya injini ya dizeli inayoitwa 3L, ile ambayo ukitaka kuiona injini sharti unyanyue kiti cha mbele. Gari hilo limenisomeshea watoto wawili. Linapanda kutoka Mombo kwenda Lushoto na unga, sukari na mafuta ya kula, linashuka na karoti na kabeji. Miaka yote hiyo halikuwahi kunilaza mlimani, mpaka lilipopita kwenye gereji moja ya Tanga mjini.

Ilianza kabla ya mvua za vuli. Gari likawa linakunywa maji. Chini hakuna tone, lakini kila asubuhi rejeta imepungua nusu chupa, baadaye chupa nzima. Ukiliwasha likanguruma dakika chache tu, ule mpira wa juu wa rejeta unaushika mgumu kama mti. Mpwa wangu, ambaye ndiye dereva, akafungua mfuniko asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, akawasha, tukaona mapovu yanapanda. Oili ilikuwa nzuri, haikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwa aliyekaa na magari haya hilo halihitaji mganga: gasketi ya hedi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya injini na hedi, kifuniko chake cha chuma cha juu, imeungua, presha ya silinda inaingia kwenye maji.

Nikalipeleka kwenye gereji hiyo kwa sababu nilikuwa nawaamini. Breki zangu wanafunga wao, klachi walifunga wao. Fundi mkubwa akafungua hedi nikiwa nimesimama hapohapo, akaigeuza, akanionyesha kwa ukucha wa kidole gumba. Kati ya silinda ya 2 na ya 3 kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama umechorwa kwa penseli, na mwisho wake kibonyeo kidogo kama punje ya mchele. Akaniambia, "Mama, moto umepita hapa. Hii lazima ikachongwe, tukiifunga hivi utarudi." Kuchonga ni kuusawazisha uso wa hedi kwa mashine. Ni maneno yake mwenyewe. Nikalipa shilingi 420,000 kwa kila kitu, na kwenye karatasi aliyoniandikia kwa mkono wake, kuchonga hedi ni 90,000. Karatasi ninayo.

Haikufika hata wiki ya tatu. Tulikuwa tumeshaiacha Mombo, tunapanda zile kona kuelekea Soni, mzigo umejaa. Mpwa wangu akasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, mshale unapanda." Ni ule mshale wa joto la injini. Kabla sijaangalia nikasikia joto linatoka chini ya kiti nilichokalia. Tukasimama pembeni, tukaweka jiwe nyuma ya tairi, mvuke unatoka kila upande. Utingo wa lori moja, Mungu ampe heri, akatuachia dumu la maji, na akatusihi tusifungue rejeta mpaka ipoe. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Nilikuwa nahesabu mifuko ya unga na kufikiria wenye maduka wanaonisubiri juu. Kisha tukageuza, tukashuka polepole kwa gia hadi Mombo.

Hapo sasa ndipo palipo na hasira yangu.

Fundi wa Mombo hana hata jengo, ana kivuli cha mti na boksi la spana. Akafungua hedi, akaifuta kwa kitambaa chenye dizeli, akanyamaza. Nikasogea. Mstari uleule. Kati ya silinda ya 2 na ya 3, na kibonyeo kilekile cha punje ya mchele. Nilipitisha ukucha wangu, ukakwama palepale ulipokwama wa yule mwingine. Akalaza rula ya chuma juu ya hedi, akaingiza vile vibati vyembamba vya kupimia, wao wanaviita fila, kikapita katikati bila kugusa. Hedi imepinda. Akanieleza kwamba iliyopita kwenye mashine utaiona kwa macho: inang'aa uso mzima, ina mikwaruzo laini inayokwenda upande mmoja. Hii yetu ilikuwa na mikwaruzo ya kila upande. "Mama, hii wameipiga msasa kwa mkono." Tena tamostati, kile kidude kinachodhibiti joto la maji ya injini, wameitoa wala hawakuniambia.

Nikarudi Tanga na karatasi yangu. Sikupiga kelele. Nilimsalimia, nikamwambia, "Fundi, hedi haikuchongwa." Hakuitazama karatasi. Alikuwa anakula chapati, akaendelea kula, akasema mbele ya watu wote: "Mama, gari limeshaguswa na fundi wa barabarani, si langu tena. Na hilo gari ni la zamani, peleka kwenye chuma chakavu upumzike." Watu wakacheka. Kisha akaniuliza mume wangu yuko wapi aje waelewane. Mimi ndiye niliyelipa, mimi ndiye niliyeonyeshwa ule mstari, leo nikalete mwanamume ndipo mstari uonekane!

Niseme na hili, kwa sababu sipendi kumdhulumu mtu. Nilipotoka, kijana mmoja wa pale alinifuata mpaka kituo cha bodaboda. Aliniambia kwamba hedi aliibeba yeye kupeleka kwa mchongaji, akakuta foleni, umeme nao ukakatika, na mimi nilikuwa napiga simu kila siku nikitaka gari Ijumaa. Bosi akamwambia airudishe. Ni kweli nilikuwa napiga simu. Usiku ule nilianza kumwonea fundi huruma, nikawaza labda mimi ndiye niliyemkimbiza, na breki zake hakika ni nzuri, kwa breki ningeweza bado kumtuma mtu kwake.

Lakini nikiwaza zaidi, huruma inaisha. Angenipigia simu moja tu: mama, umeme hakuna, subiri Jumatatu. Ningesubiri, nimeshasubiri mengi. Yeye alichukua msasa, akafunga gasketi mpya juu ya hedi aliyojua imepinda, akaandika 90,000, akamruhusu mpwa wangu apande mlima na mzigo na shangazi yake ndani. Kona zile chini ni korongo. Gari likikuzimikia vibaya pale, breki za mtu hazikusaidii. Kwa hiyo hapana, hata kwa breki simtumi mtu. Kama ameweza kuficha hedi niliyoiona kwa macho yangu, kwenye breki ambazo sikuzitazama nitajuaje?

Hedi tulikwenda kuichonga Korogwe. Nilisimama pembeni ya mashine mpaka mwisho, masikio yananiuma, nikauona ule mstari unafifia, kibonyeo kinabaki kidogo, mchongaji akarudia mara ya pili kikaisha. Akakagua na katikati ya valvu kama kuna ufa, hakuna. Fundi wa Mombo akapima pistoni zinavyochomoza, akachagua gasketi ya unene unaostahili, akarudisha tamostati, akakaza bolti akianzia katikati kwenda nje kwa spana ya kipimo aliyoiazima. Gari linapanda Soni na mshale hauvuki nusu.

Jumamosi iliyopita nilipita tena Tanga kudai 90,000 yangu. Safari hii hakucheka, aliniambia nirudi mwisho wa mwezi. Nitakwenda, na karatasi yangu.