Huduma ya upasuaji wa titi: chumba cha upasuaji ni hodari, kitengo cha kuruhusu wagonjwa kina kasoro

Mama yangu mdogo aliondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani katika hospitali moja binafsi ya Dar es Salaam, nami nilimsindikiza tangu kulazwa hadi mrija wa kutoa majimaji ya kidonda ulipotolewa. Nitazungumzia zaidi jinsi hospitali ilivyomkinga na maambukizi ya kidonda, kwa kuwa ana kisukari, na mwenye kisukari kidonda chake huwa rahisi kuingia wadudu.

Daktari bingwa alitupa muda, na kwa hilo namshukuru. Nilikuwa nikiamini kwamba bakteria hukaa juu ya ngozi tu, na kwamba ndani ya titi ni safi kabisa. Akageuza karatasi, akachora titi, akatuonyesha mirija ya maziwa inavyofunguka kwenye chuchu, kisha akatueleza kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha wanawake 81 wa Kanada na Ayalandi, ulikuta bakteria ndani ya nyama ya titi hata kwa wanawake wasio na saratani na kwa baadhi ambao hawajawahi kunyonyesha. Kuwapo kwao si ugonjwa, alisema. Hatari huja pale nyama inapokatwa na majimaji yanapotuama kwenye uwazi ulioachwa na titi.

Maandalizi yalilingana na maelezo hayo. Mama alioga jioni na tena alfajiri. Alikuwa amekwishatoa wembe mkobani ili anyoe kwapa, muuguzi akamwambia kwa upole, "Mama, wembe hapana," kwa kuwa huacha mikwaruzo midogo ambayo bakteria huitumia kama mlango. Nywele zilipunguzwa kwa mashine. Sukari ilipimwa asubuhi ile kabla ya jambo lingine lolote. Dozi ya antibayotiki ilipitishwa kwenye mshipa muda mfupi kabla ya kukatwa, nayo haikuendelezwa baada ya upasuaji, jambo lililonitia wasiwasi mpaka nilipoelezwa kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unashauri hivyo hivyo. Mpaka hapo sina la kulaumu.

Kasoro ilianza siku ya kuruhusiwa. Mama alitoka na mrija ubavuni, uliounganishwa na kichupa cha plastiki cha kukusanyia majimaji, na maelekezo tuliyapewa tukiwa tumesimama koridoni, pamoja na karatasi ya Kiingereza kitupu ambayo mama hawezi kuisoma. Hakuna aliyetuonyesha namna ya kukimwaga kichupa bila kugusa mdomo wake, wala kutuambia tuandike kiasi kinachotoka kila siku. Siku ya sita, Ijumaa jioni, ngozi kuzunguka tundu la mrija ilikuwa nyekundu na ya moto. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi iliita bila kupokelewa hadi Jumatatu. Maambukizi ya kidonda cha upasuaji huweza kujitokeza hata wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani, kwa hiyo siku tatu za simu isiyopokelewa ni pengo kubwa katika huduma inayolipiwa fedha nyingi kiasi hiki.

Jumatatu walifanya kazi nzuri: walichukua usaha kwa pamba wakaupeleka maabara, wakachagua dawa kwa kufuata majibu, na kidonda kikakauka. Hata hivyo dawa za saratani zilisogezwa mbele kwa wiki mbili, na wiki mbili hizo mama alizihesabu siku kwa siku.

Kwa upasuaji wenyewe ningempeleka ndugu yangu mwingine hapo bila kusita. Ila kabla hajatoka wodini ningemwomba muuguzi amwage kichupa mbele yangu, kisha nami nimwage mbele yake. Jumatatu ile tuliomba hivyo, na ilichukua dakika kumi tu.