Lensi ya Mrusi Jupiter-8 kwenye kamera ya Leica M240, mitaa ya Mwanza
Wadau hii lensi Jupiter-8 50mm f/2 (f/2 ndo tundu lake likiwa wazi kabisa) mi nimeikubali. Ni ya kufunga kwa skrubu, saizi M39, kwahiyo unaweka adapta nyembamba tu ndo inakaa kwenye Leica M, rangefinda (kile kidirisha cha kupimia fokasi) inafanya kazi. Asubuhi pale soko la Mwaloni Kirumba, kwenye dagaa, ukifungua f/2 sura zinatoka laini flani hivi, rangi zimepoa, sio ule ukali wa lensi za siku hizi unaoonesha kila kinyweleo.

Ishu ni fokasi. Lensi za Kirusi hazikupimwa kwa kiwango cha Leica, so ukiwa karibu mita 1 hivi na f/2 rangefinda inakwambia umeshika jicho kumbe picha imeshika sikio, washa laivu vyuu (uone picha kwenye skrini ya nyuma) umalize ubishi au punguza tundu hadi f/5.6 usonge mbele. Halafu jua la ziwani jamani, jioni ukiielekeza Bismarck Rock jua likiwa mbele kontrasti (tofauti ya mwanga na giza) inakufa, kila kitu uji, tafuta hudi, kile kikinga jua cha mbele ya lensi, ya 40.5mm.

Pete ya f (ya kufungua na kufunga tundu) haina kliki, inakera. Kabla hujalipa imulike lensi na tochi, ukiona fangasi ndani achana nayo. Naipa 4/5, ila kazi ya harusi hapana aisee.