Kompyuta ndogo ya seva ya nyumbani: ipi uitangulize, ipi uiache

Wengi wanaotafuta kompyuta ya kuendeshea Proxmox nyumbani, yaani mfumo unaoendesha kompyuta pepe nyingi ndani ya mashine moja, huanza kuuliza habari za prosesa. Anza na RAM. Kompyuta pepe hugawana prosesa kwa zamu bila shida, maana muda mwingi zimekaa tu zikisubiri kazi. Ila RAM ikishashikwa na moja, nyingine haiipati kirahisi. Ndiyo maana seva za nyumbani huishiwa RAM huku prosesa ikiwa karibu haina la kufanya.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa mitumba ya ofisini, zile kompyuta bapa zenye ujazo wa lita 1 hivi: Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini na Dell OptiPlex Micro. Tafuta yenye Intel ya kizazi cha 8 au cha 9. Core i5-8500T, kwa mfano, ina viini 6 na imepangiwa wati 35. RAM yake ni DDR4 ya aina ya laptopu, vipande viwili. Karatasi za baadhi ya modeli husema mwisho ni GB 32, lakini vipande viwili vya GB 32 kila kimoja kwa kawaida hukubali ukishasasisha BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta), na hapo una GB 64. Hizo zinatosha nyumba nyingi kwa miaka.

Zenyewe hazilingani. EliteDesk 800 G4 Mini ina nafasi mbili za SSD za NVMe (diski za kasi zinazochomekwa kwenye ubao), kwa hiyo data inaweza kukaa kwenye diski mbili kwa pamoja. Moja ikifa, kazi inaendelea. ThinkCentre M720q na M920q zina nafasi moja tu ya NVMe, lakini ndani zina sloti ya PCIe: ukipata kibao chake cha kuunganishia, unafunga kadi ya mtandao ya poti nne na kompyuta inafanya kazi ya ruta pia. M920q imetengenezwa kwa chipuseti ya Q370, hivyo ikiwa na prosesa yenye vPro unaweza kuiwasha na kuona skrini yake ukiwa mbali, hata mfumo ukiwa umeganda. Kama itakaa juu ya kabati bila skrini, ongeza hela uchukue hiyo.

Za kizazi cha 6 na cha 7 zimejaa sokoni kwa sababu Windows 11 karibu zote inazikataa, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Proxmox haijali hilo hata kidogo. Lakini i5-6500T ina viini 4 tu. Ichukue ikiwa tofauti ya bei ni kubwa kweli.

Kwenye mtumba usilipe kabla hujaiona BIOS. Mwombe muuzaji aifungue mbele yako au akutumie picha. Kompyuta za kampuni mara nyingi hufungwa kwa nywila ya msimamizi, na bila nywila hiyo huwezi kubadili mipangilio unayoihitaji. Kwenye modeli nyingi, kuchomoa betri ya ubao hakuifuti. Chaja nayo ulizia: Dell huitambua chaja yake, na ikichomekewa isiyoijua hupunguza kasi ya prosesa. Ukishaanza kuitumia, mtandao ukikatika mzigo unapozidi na logi za mfumo zikaitaja e1000e (dereva ya kadi ya mtandao), zima TSO, kazi ya kukata data inayoachiwa kadi hiyo, kwa amri ya ethtool. Ni tatizo linalojulikana la kadi ya Intel I219.

Nafasi ya pili ni Minisforum MS-01. Yenye Core i9-13900H ina viini 14, poti mbili za gigabiti 10, mbili za 2.5, nafasi tatu za M.2 (za SSD) na sloti ya PCIe. Ni mashine nzuri sana, ila inapata joto, na hata ikiwa haina kazi inakula umeme kuliko hizo za ofisini. Inunue kama una matumizi ya gigabiti 10.

Ya tatu ni visanduku vya Intel N100: viini 4, wati 6, na RAM ambayo Intel yenyewe inaikomesha GB 16. Kwa Home Assistant (ya kusimamia vifaa vya nyumbani), Pi-hole (ya kuzuia matangazo) na kontena chache, yaani programu zilizotengwa kila moja peke yake, inatosha, na umeme wake ni mdogo mno. Kila wati 10 unazopunguza kwenye seva isiyozimwa ni takriban kWh 88 kwa mwaka.

Mac mini na Raspberry Pi ziache kwa kazi hii. RAM yake haiongezeki, na Proxmox haina toleo rasmi la ARM, aina ya prosesa inayotumika kwenye Raspberry Pi na Mac mini za sasa.

Ikifika, kabla hujasakinisha chochote, washa VT-x na VT-d (mipangilio ya prosesa inayosaidia kompyuta pepe) kwenye BIOS, iachie Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha, kisha iweke iwake yenyewe umeme ukirudi.