TAHADHARI: Huyu "mshauri wa kodi" anayezunguka Mbeya na vyeti vya msamaha, msimpe hata shilingi

Wenzangu wa mashirika madogo yasiyo ya kiserikali, wa Uyole, Mbalizi, Tukuyu, mpaka mlioko Makambako na Njombe, someni hii na mwenyekiti wenu aisome. Kuna mtu anapita kwenye ofisi zetu akijiita mshauri wa kodi na usajili. Jina lake siliandiki kwa sababu jalada limeshafunguliwa na afande ametuomba tusimtaje mtandaoni kwanza. Ingekuwa amri yangu ningebandika picha yake kila nguzo kuanzia Mafiat mpaka Kabwe.

Ametula milioni moja na laki nane. Ile hela mnajua ilikuwa ya nini: mbegu za wale bibi wanaolea yatima. Walishaambiwa mbegu zinakuja.

Nieleze tulivyomwamini, maana najua wapo watakaosema tulilala. Huyu mtu hakuokotwa stendi. Kwenye kikao cha mashirika pale halmashauri alinyoosha mkono akaeleza mabadiliko ya sheria ya 2019 vizuri kuliko mtu yeyote aliyesimama siku ile. Kwamba cheti cha usajili sasa kina uhai wa miaka 10 na lazima kihuishwe. Ni kweli. Kwamba Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002, inatudai taarifa ya mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Ni kweli. Kwamba kutogawana faida hakukutoi kwenye kodi: mshahara wa mfanyakazi ukizidi shilingi 270,000 kwa mwezi unamkata PAYE, yaani kodi ya mshahara, na kuipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na ukipanga ofisi unazuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA pia. Kweli tupu. Mtu akikupa ukweli wote huo mfululizo, uongo wake utaupimia nini?

Akaja ofisini. Mvua ilikuwa inapiga, tukampa kiti karibu na jiko la mkaa. Soda alikataa, akasema amefunga. Akafungua kompyuta yake, akaandika jina la shirika letu kwa vidole viwili, taratibu, akatugeuzia kioo tuone: jina letu, namba yetu ya usajili, vyote sahihi. Akatikisa kichwa kama daktari anayesoma majibu mabaya. "Mama, hapa mna hatari. Msajili anafuta mashirika kwa kosa dogo kuliko hili." Mwenyekiti wetu mnamjua, presha yake mnaijua. Alishika meza.

Halafu akapiga hesabu kwenye karatasi mbele yetu. Ada za mwaka tulizodaiwa. Mkaguzi wa hesabu. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL, "ya miaka ya nyuma". Na cheti cha msamaha wa kodi, ambacho alisema ana mtu wake Dodoma wa kukisukuma. Mhasibu wetu akatuma hela kwa simu. Tukawa tumezidisha elfu ishirini. Akairudisha pale pale, noti mkononi! "Hii si yangu, mama." Nani angemshuku mtu wa namna hiyo? Hapo ndipo aliponimaliza, na ndipo ninapomchukia zaidi, kwa sababu sasa najua ile elfu ishirini ilikuwa chambo.

Cheti alikileta kwenye mfuko wa nailoni. Kina nembo, kina sahihi, na muhuri wa bluu ambao wino wake ulibaki kidoleni nilipougusa. Akasema kuanzia leo shirika ni la hisani kisheria, hata mishahara haikatwi tena kodi. Tukaacha kukata PAYE ya nesi na ya bwana shamba.

Mfadhili alipotaka uthibitisho wa ulipaji kodi, nikakipeleka TRA nikiwa nimekishika kifuani. Dada wa dirishani alikigeuza mbele na nyuma, akaingiza TIN, ile namba ya mlipakodi, iliyoandikwa pale, akaniangalia. "Mama, hii karatasi umeipata wapi? TIN hii si ya shirika lenu." Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na ndani yake wazazi wa watoto ninaowafundisha Jumapili. Nilisikia mtu akisema "kumbe." Nilitoka hapo miguu haina nguvu.

Kwa afisa maendeleo ya jamii, ambaye ndiye msajili msaidizi wa wilaya, mambo yakawa mabaya zaidi. Hakuna ada iliyolipwa. Hakuna taarifa iliyopelekwa. Namba ya malipo (control number) iliyo kwenye stakabadhi yake haisomi popote. Na SDL hatukuwahi kudaiwa, kwa sababu inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea, na sisi wote tunatosha kwenye bajaji mbili. Sasa PAYE tuliyoacha kuipeleka tunadaiwa sisi, pamoja na riba na adhabu, yeye yuko anakula nyama choma.

Huyu asiachiwe kwa kurudisha hela. Nasikia ameanza kutuma watu wa kutubembeleza, "mzee amesema atalipa kidogo kidogo." Hapana! Kughushi nyaraka za serikali na kujipatia fedha kwa udanganyifu ni makosa ya jinai, yamo kwenye Kanuni ya Adhabu. Afikishwe mahakamani na afungwe, na aliyemchongea huo muhuri afungwe naye. Mtu anayekaa na kukokotoa namna ya kula hela ya yatima, tena kwa kutumia sheria iliyowekwa ili hela hiyo ilindwe, msimwombee dhamana. Na nyie mnaosema "ni kijana wa watu", hao yatima ni wa nani?

Dalili, kwa haraka, maana naandika mikono inatetemeka. Hela aliitaka kwenye namba ya simu iliyosoma jina la mwanamke tusiyemjua, akasema ni mhasibu wake. Malipo ya serikali yanalipwa kwa namba ya malipo iliyotolewa kwa jina la shirika lenu wenyewe. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakutoa, kila mara mashine "imepelekwa matengenezo". Hadhi ya hisani kwenye kodi anaitoa Kamishna Mkuu wa TRA kwa maombi ya maandishi, chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, na hata ukiipata mfanyakazi wako anaendelea kukatwa PAYE. TIN ni bure. Mkaguzi wa hesabu lazima awe amesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ulizeni huko kabla ya kulipa.

Najua hatuko peke yetu. Ndani ya begi lake niliona mifuko mingine ya nailoni yenye karatasi za rangi ile ile. Kama ofisi yenu ina cheti chenye muhuri wa bluu kilicholetwa na mtu huyu, msikichane kwa aibu. Chukueni cheti, stakabadhi na meseji za malipo, nendeni polisi mkaandikishe maelezo yenu, na PAYE ya mwezi huu ipelekeni.